Shajara ya mradi: mafuta ya mimea ya kufukuza mbu, kutoka majani hadi chupa

Lengo na mipaka

Tunatafuta dawa ya kujipaka inayotokana na mafuta ya mimea. Iwe bado inafanya kazi saa mbili baada ya kupakwa, isichome ngozi, isilete upele, na yeyote mwenye vifaa vya kawaida na mizani nzuri aweze kuitengeneza upya akapata kitu kilekile. Vipimo vyote viko kwa gramu. Matone hatuyahesabu, kwa sababu ukubwa wa tone hubadilika kwa mdomo wa chupa, uzito wa mafuta na hata joto la chumba. Anayeandika "matone ishirini" hajaandika kipimo.

Ugumu wa kazi hii unajulikana mapema. Mafuta ya sitronela (nyasi ya jamii ya mchaichai), mchaichai, karafuu na mkaratusi humfukuza mbu kwa mvuke wake, na mvuke huo ni mafuta yenyewe yakiondoka kwenye ngozi. Kinachomfukuza mbu ndicho kinachokwisha. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2002 katika New England Journal of Medicine vilionyesha tofauti hiyo waziwazi: DEET, dawa ya mbu ya kemikali ya kiwandani, ya asilimia 23.8 ililinda kwa wastani wa dakika 301.5, wakati bidhaa za sitronela zilikuwa chini ya dakika 20. Katika vipimo hivyohivyo, bidhaa yenye mafuta ya soya asilimia 2 ilifika dakika 94.6. Soya haina harufu kali hata kidogo. Kwa hiyo mradi huu hautafuti mmea wenye harufu kuliko yote, unatafuta namna ya kuyachelewesha mafuta yasiruke.

Wiki ya 1: kuchagua mimea

Tumeanza na orodha ndefu na kuipunguza kwa maswali mawili: kiungo kikuu kinachemka kwa joto gani, na ngozi inakivumilia kwa kiasi gani? Limonini ya maganda ya machungwa huchemka karibu na nyuzi 176 za Selsiasi, sitronelali ya sitronela karibu na 207, sitrali ya mchaichai na geranioli ya sitronela karibu na 230, na yujenoli ya karafuu karibu na 254. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo mafuta yanavyokawia kwenye ngozi.

Maganda ya ndimu na limau yametoka mara moja. Yanaruka upesi, na mafuta yake yaliyokamuliwa bila moto yana viambato vinavyofanya ngozi iungue ikipigwa na jua. Dawa ya mbu wa mchana haiwezi kuwa na kitu cha namna hiyo.

Karafuu ingeshinda kwa kudumu, lakini yujenoli huwasha ngozi na kuufanya mwili upate mzio. Tumeiwekea kikomo cha gramu 0.5 katika gramu 100 za dawa. Mchaichai nao una sitrali nyingi, mara nyingi zaidi ya theluthi mbili ya mafuta yote, na sitrali ni kisababishi cha mzio kinachojulikana. Mafuta ya mchaichai yakitumika kwenye ngozi hayatazidi gramu 0.7 katika 100. Wengi hushangazwa na jambo hili, maana mchaichai ni chai ya nyumbani, lakini jani kwenye kikombe na mafuta yake yaliyokenekwa (yaliyotolewa kwa mvuke na kupozwa) ni vitu viwili tofauti kabisa.

Mhimili wa dawa utakuwa mafuta ya sitronela ya aina ya Java, yanayotoka kwenye nyasi ya Cymbopogon winterianus, ndugu wa mchaichai. Ndani yake kuna sitronelali, geranioli na sitroneloli kwa pamoja, na ngozi huyavumilia vizuri zaidi.

Mwarobaini hauko kwenye kundi hili. Mafuta ya mbegu zake ni mafuta mazito yasiyoruka, yana harufu ya kitunguu saumu kilichooza, na kazi yake ni kwenye ngozi yenyewe, wala si hewani. Yatajaribiwa kama sehemu ya mafuta ya kubebea, yaani yale yanayozimua mafuta ya harufu. Yawekwe mbali na watoto, kwa maana kuyanywa kumewahi kuwatia sumu.

Wiki ya 2: kukeneka nyasi

Mtambo ni sufuria ya chuma cha pua ya lita 20, sahani yenye matundu iliyoinuliwa kutoka chini, mfuniko wenye bomba, bomba la kupozea lililozungushwa ndani ya ndoo ya maji baridi, na chupa ya kutenganishia. Maji lita 4 yanakaa chini ya sahani bila kugusa majani.

Mzigo wa kwanza ulikuwa kilo 5 za majani mabichi yaliyokatwa siku hiyohiyo. Mafuta yalipatikana, lakini kidogo, na yalinuka moshi. Sababu zilikuwa mbili. Majani yalijaa unyevu yakashikamana, mvuke ukatoboa njia moja katikati na kuacha pembeni zote hazijaguswa. Halafu majani machache yaliteleza chini ya sahani yakaungulia kwenye chuma.

Mzigo wa pili ulirekebishwa hivi. Majani yalianikwa kivulini saa 24 yakanyauka bila kukauka, yakakatwa vipande vya sentimita 3, yakapangwa tabaka kwa tabaka na kubonyezwa kwa mkono, kingo kwanza na katikati mwisho. Kitambaa cha chachi kilitandikwa juu ya sahani. Moto ulipunguzwa mara tu mvuke ulipoanza kutoka, na kazi ikaendelea saa mbili na nusu. Nyasi za jamii hii hutoa mafuta kati ya asilimia 0.2 na 0.5 ya uzito wa majani mabichi hivi, kwa hiyo kilo 5 zikitoa mililita 10 hadi 25 kazi imekwenda sawa. Zikitoa mililita 3, tafuta mvuke unakopita, usilaumu mmea.

Mfuniko tuliuziba kwa kinyunga cha unga wa ngano na maji. Pete ya mpira ilinyonya mafuta, ikavimba na kuachia harufu ya mpira kwenye kila mzigo uliofuata. Kinyunga hukauka, hushika, na baada ya kazi hutupwa.

Mafuta hutoka yakiwa na ukungu wa maji. Yaache saa 12 kwenye chupa ndefu nyembamba, nyonya mafuta ya juu kwa bomba la sindano la glasi, kisha yapitishe kwenye salfati ya sodiamu isiyo na maji, chumvi inayonyonya maji, kama gramu 1 kwa kila mililita 10. Mafuta yaliyobaki na maji huharibika mapema, na huivuruga zeri (dawa nzito ya kupaka ya nta na mafuta) inapopoa.

Wiki ya 3: karafuu zina tabia yake

Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji. Yanazama. Anayefungua chupa ya kutenganishia akitafuta mafuta juu, kama alivyozoea kwa nyasi, atamwaga maji pamoja na mafuta yote yaliyo chini. Chupa iwe na mfereji wa chini, na maji yatolewe kwa juu.

Karafuu husagwa chengachenga muda mfupi kabla ya kuingia mtamboni. Zikisagwa kuwa unga huziba sahani. Maji ya kupozea yasiwe baridi mno, kwani mafuta hugandamana na kuta za bomba kama vishanga, hayateremki. Yujenoli kiasi huyeyuka kwenye maji yanayotoka na kuyafanya meupe kama maziwa, hivyo maji hayo yarudishwe kwenye sufuria yakenekwe tena. Gramu 200 za karafuu zinatosha majaribio yote ya mradi, na kwa dozi ya 0.5 katika 100 hakuna haja ya mzigo mwingine.

Wiki ya 4: dawa ya kupuliza

Mchanganyiko wa kwanza ulikuwa rahisi: sitronela gramu 10, ethanoli ya asilimia 95 gramu 75, maji yaliyokenekwa gramu 15. Mafuta huyeyushwa kwanza kwenye ethanoli, maji huja mwisho, polepole, huku ukikoroga. Maji yakizidi, mchanganyiko hugeuka mweupe na mafuta huelea. Ukifika hapo ongeza ethanoli, usitikise tu na kutumaini.

Dawa hii ina sura nzuri, inakauka haraka, haina utelezi, na haifai. Ethanoli inaruka ikiacha utando mwembamba mno wa mafuta usio na kitu cha kuuzuia. Ndani ya nusu saa ngozi inabaki na harufu tu. Na harufu ni shahidi mbaya: pua ya mwenye kujipaka huizoea na kusema imekwisha, na pua ya jirani hunusa kiasi kidogo mno kisichoweza kumzuia mbu. Tangu hapa tumeacha kabisa kuamua kwa pua.

Kwa anayeitaka hivyohivyo: chupa iwe mbali na moto na sigara, isipulizwe usoni, na ipakwe tena kila dakika 20 hadi 30. Kuongeza sitronela hadi gramu 25 au 30 hakuongezi muda kwa kiwango hichohicho. Kunaongeza kuwashwa.

Wiki ya 5 na ya 6: kupima kuruka kwa mafuta

Hatuna kizimba cha mbu, na hatutatumia mbu wa nje kupima kwenye mikono ya watu. Mbu asiyejulikana alikotoka anaweza kubeba malaria au dengi. Kipimo tulichojiwekea ni cha uzito. Bamba la glasi la sentimita 10 kwa 10 linapakwa gramu 1.00 ya dawa kwa usawa, linawekwa kwenye sanduku lenye joto la nyuzi 32, ambalo ni karibu na joto la uso wa ngozi, kisha linapimwa kila baada ya dakika 15 kwa mizani ya kusoma gramu 0.001.

Kosa la kwanza lilikuwa kusahau kwamba maji na ethanoli navyo huruka. Losheni (tazama wiki ya 8) ilionekana kupoteza mafuta kwa kasi ya ajabu, kumbe ni maji yake. Sasa kila dawa ina pacha wake asiye na mafuta ya harufu, yanapimwa bega kwa bega, na tofauti kati yao ndiyo inayoandikwa. Kosa la pili lilikuwa upepo. Feni ya chumbani ilibadili matokeo kuliko dawa yenyewe. Sanduku limefunikwa, limeachiwa tundu moja la ukubwa wa kidole.

Kipimo hiki hakisemi mbu atafanya nini. Kinasema mafuta mangapi bado yapo, na yasipokuwepo hakuna haja ya kumuuliza mbu.

Mpangilio umejitokeza bila shaka yoyote: ethanoli peke yake ni ya mwisho, losheni ni ya kati, na zeri ya nta ya nyuki pamoja na mafuta ya soya ni ya kwanza. Baada ya saa mbili bamba la ethanoli lilikuwa kavu na halipotezi tena kitu, ilhali la zeri lilikuwa bado linapungua taratibu, maana yake lilikuwa bado linatoa mvuke.

Vanilini, kiungo chenye harufu ya vanila, imeleta tofauti ya pili kwa ukubwa. Huchemka karibu na nyuzi 285, na ikichanganywa na mafuta mepesi huyapunguzia kasi ya kuruka. Maabara nyingi hutumia asilimia 5. Kwenye ethanoli kiasi hicho huyeyuka bila tabu. Kwenye zeri ni habari nyingine.

Wiki ya 7: zeri

Jaribio la kwanza, vanilini gramu 5 iliyomwagwa moja kwa moja kwenye nta iliyoyeyuka. Ilipopoa, vanilini ilijitenga ikawa chembechembe kama sukari, zinakwaruza ngozi. Vanilini haipendi mafuta mazito. Inapenda mafuta ya harufu. Siri ni kuiyeyusha kwanza ndani ya sitronela kwenye bakuli lililowekwa juu ya maji ya moto, na kushusha kiasi hadi gramu 2.

Mchanganyiko tulioupitisha, kwa gramu 100:

- nta ya nyuki, gramu 18
- mafuta ya nazi, gramu 38
- mafuta ya soya, gramu 31
- mafuta ya sitronela ya Java, gramu 10
- vanilini, gramu 2
- mafuta ya karafuu, gramu 0.5
- vitamini E, gramu 0.5

Yeyusha nta, nazi na soya juu ya maji ya moto, usiweke sufuria kwenye moto wenyewe. Nta ya nyuki huyeyuka kati ya nyuzi 62 na 65. Ondoa, koroga, subiri ishuke hadi karibu 55, wakati kingo zinaanza kufifia. Hapo ndipo mchanganyiko wa sitronela, vanilini, karafuu na vitamini E unapoingia. Ukiutia mapema, chumba kizima kitanukia vizuri, na kinachonukia chumbani hakimo tena kwenye kopo. Ukichelewa, nta hushika vipande na zeri hutoka na mabonge. Mimina upesi kwenye makopo ya bati au glasi.

Nazi inahitaji uangalifu. Huyeyuka karibu na nyuzi 24 au 25, kwa hiyo katika joto zeri yenye nta kidogo huwa mchuzi. Gramu 18 za nta zinaishikilia. Mahali penye baridi punguza hadi 14 na ujazilize kwa soya, la sivyo haitoki kwenye kopo kwa kidole. Mwarobaini tuliujaribu kwa kuweka gramu 3 badala ya soya: bamba halikuonyesha faida ya kutajwa, na harufu iliishinda sitronela. Umetoka.

Wiki ya 8: losheni imevunjika, tena

Kwa wanaochukia utelezi wa zeri losheni inabaki kuwa jibu, na ndiyo iliyotutesa zaidi. Tulianza na nta ya kuchanganyishia, ile inayounganisha maji na mafuta, gramu 4. Siku ya tatu maji yalikuwa chini na mafuta juu. Mafuta ya harufu yakifika gramu 10 katika 100 hulegeza muungano kuliko mafuta ya kawaida, na lazima yahesabiwe kama sehemu ya mafuta yote wakati wa kukadiria nta. Kanuni tunayoitumia sasa ni gramu 1 ya nta ya kuchanganyishia kwa kila gramu 4 za mafuta ya aina zote.

Losheni inayosimama: maji yaliyokenekwa gramu 67, gliserini 3, nta ya kuchanganyishia 6, mafuta ya soya 12, sitronela 10, vanilini 1, fenoksiethanoli (kihifadhi) 1. Maji na gliserini kwenye chombo kimoja, nta na soya kwenye kingine, vyote vifike nyuzi 70 hadi 75. Kimoja kikiwa baridi kuliko kingine, nta huganda inapokutana nacho na huo ndio mwanzo wa kuvunjika. Mimina maji kwenye mafuta, changanya kwa mashine ya mkono dakika 3, kisha kwa mwiko hadi ishuke chini ya 40. Hapo tia sitronela yenye vanilini, halafu kihifadhi.

Kihifadhi si hiari. Kuna imani kwamba mafuta makali ya mimea yanatosha kuzuia ukungu. Hayatoshi kwenye dawa yenye maji asilimia 67, na losheni yenye bakteria ikipakwa juu ya ngozi iliyokwisha kukunwa kwa kuumwa na mbu ni njia ya kuleta usaha. Zeri haina maji, kwa hiyo haihitaji kihifadhi, mradi isichotwe kwa vidole vilivyolowa.

Wiki ya 9: ngozi

Kila toleo linapakwa kwanza sehemu ya ukubwa wa sarafu, upande wa ndani wa kiwiko, na kuachwa saa 48 bila kurudiwa. Wekundu, mwasho au vipele maana yake toleo hilo halipakwi mwilini. Mzio wa sitrali na yujenoli unaweza kujitokeza baada ya matumizi mengi na si siku ya kwanza, kwa hiyo jibu zuri la saa 48 ni ruhusa ya kuendelea, si hati ya usalama wa milele.

Mafuta ya zamani ni hatari kuliko mapya. Yakikutana na hewa na mwanga huoksidika, na mazao ya uoksidishaji ndiyo huamsha mzio zaidi. Chupa ziwe za glasi ya kahawia, zijazwe hadi shingoni, na tarehe ya kukeneka iandikwe. Mafuta ghafi kwenye plastiki dhaifu hulainisha chombo, na mpira wa kitoneshea hunata ndani ya wiki chache.

Wiki ya 10: mkaratusi wa limau na PMD

Hapa pana mkanganyiko unaowagharimu watu. Majani ya Corymbia citriodora yakikenekwa hutoa mafuta yenye sitronelali nyingi sana, nayo huruka upesi kama sitronela nyingine. Dawa inayopendekezwa na mamlaka za afya kwa jina la "mafuta ya mkaratusi wa limau" ni nyingine: sitronelali yake imegeuzwa kwa asidi kuwa PMD, kitu kizito kisichoruka ovyo, na bidhaa yake ya asilimia 30 hulinda kwa saa kadhaa. Majina yanafanana, kazi hazifanani. Kununua mafuta ya kawaida ya mkaratusi ukidhani ni PMD ni kurudi kwenye wiki ya 4.

Ugeuzaji wenyewe tumeamua kutoufanya. Kuchanganya mafuta na asidi si kazi ngumu. Kigumu ni kujua umepata PMD kiasi gani na asidi imebaki kiasi gani, na bila kipimo cha gesi kromatografia, mashine ya kutenganisha na kupima viambato, hakuna anayejua. Anayehitaji ulinzi mrefu wa mmea apate PMD iliyopimwa kiwandani. Isipakwe watoto walio chini ya miaka 3, na isiingie machoni, maana inaunguza.

Wiki ya 11: kipimo cha kizimba

Zeri na losheni ziko tayari kwa maabara yenye mbu waliofugwa. Tumeandika maombi kwa kufuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009: kizimba cha sentimita 35 hadi 40 kila upande, mbu jike 200 hadi 250 ambao hawajanywa damu, dawa mililita 1 kwa sentimita 600 za mraba za kigasha, mkono kuingizwa kwa dakika 3 kila baada ya dakika 30 hadi mbu wa kwanza atue au ajaribu kuuma. Kabla ya hapo mkono usiopakwa hujaribiwa: mbu 10 wasipotua ndani ya sekunde 30, hawana njaa, na jaribio haliendelei. Tumeomba Aedes aegypti (mbu wa dengi) na Anopheles (mbu wa malaria) wapimwe tofauti, kwa sababu dawa moja haiwafukuzi kwa muda uleule.

Zeri haipimiki kwa mililita, basi itapakwa kwa uzito, gramu 1 kwa eneo hilohilo. Wengi wakijipaka wenyewe hupaka kidogo kuliko hapo, na hiyo ni sababu nyingine ya lebo kuwa na kiasi.

Wiki ya 12: lebo ya muda

Makopo sita ya zeri na sita ya losheni yamewekwa, nusu kwenye joto la nyuzi 40 na nusu kabatini. Yatafunguliwa kila baada ya wiki mbili kuangalia chembe, jasho la mafuta na harufu ya kuchacha.

Lebo inayobandikwa hadi majibu ya maabara yarudi inasema: jipake tena kila baada ya saa moja, na mara tu baada ya kutoka jasho jingi au kuoga. Krimu ya jua hutangulia, dawa hii hufuata. Usipake machoni, midomoni, penye jeraha, wala viganjani mwa mtoto. Lala ndani ya chandarua chenye dawa hata kama umejipaka. Bamba la glasi lilionyesha saa mbili, lakini bamba halitoki jasho wala halijifuti kwa mkono, kwa hiyo saa mbili haikuandikwa.